Ganda la moto shingoni: kisa cha namba tano kwenye uwanja wa shabaha, Tabora

Risasi ilichimba ardhi hatua moja na nusu mbele ya buti la mpigaji namba sita kwenye mstari. Vumbi likapanda hadi magotini, na kwa muda wa kumeza mate mara mbili hakuna aliyesema neno. Kisha mwalimu mwenzangu akapaza sauti, "Acha! Acha! Acha!" Mitutu yote ikaelekea tuta la nyuma ya shabaha, sefti, yaani swichi za usalama, zikapanda juu, na namba tano akabaki amepiga magoti, mkono wa kushoto umezama ndani ya kola, machozi yanamtoka kimya kimya.

Ilikuwa saa tano na dakika 40 asubuhi, mwezi wa kumi, nje kidogo ya mji wa Tabora upande wa barabara ya Sikonge. Anayeijua Tabora ya mwezi wa kumi hahitaji maelezo: mvua haijafika, miombo imeshachipua majani mekundu, maembe bado mabichi, na jua la saa nne linachoma kama la saa saba. Risasi haikumjeruhi mtu. Jeraha pekee lilikuwa juu ya mtulinga wa namba tano, alama nyekundu yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, pale ganda la risasi ya jirani yake lilipotua na kukwama.

Kabla mtutu haujapoa kila mtu alishapata jibu. "Mwalimu, huyu dogo mwoga," kiongozi wao aliniambia pembeni. "Mpigishe kichurachura mpaka jioni, kesho utamwona amekaa sawa." Kichurachura nimekipigisha sana maishani, sikatai. Lakini dogo mwenyewe ana miaka sita ya doria porini. Ameshakutana na majangili usiku na ameshasikia gobore likilia upande wake. Mtu wa namna hiyo hatupi mtutu ovyo kwa sababu ya woga. Palikuwa na kitu kingine, na sehemu ya kitu hicho ilikuwa mikononi mwangu.

Kikosi chenyewe sitakitaja. Ni vijana wanaolinda pori, wazoefu wa SMG kama sote tunavyoiita hapa nchini, yaani AK-47, ile bunduki ya Kirusi ya mwaka 1947, na ndugu zake. Wanaifungua na kuifunga gizani. Kitu kipya kwao kilikuwa mavazi. Wiki mbili kabla walikuwa wamepokea fulana za kuzuia risasi, zile wanazoziita buletprufu, pamoja na mabamba yake, helmeti, glavu nene na vifuko vya magazini vya kuning'inia kifuani. Niliombwa nije siku tatu "wapige shabaha wakiwa wamevaa". Nikakubali hivyo hivyo. Sikuuliza kama siku ya kwanza inaweza kuwa bila risasi, nao hawakuuliza, kwa kuwa sote tulidhani fulana ni nguo. Ukishajua kupiga, tulidhani, unavaa juu yake na unaendelea kupiga.

Jioni ya tukio tuliazima mizani ya kupimia tumbaku kwa jirani mmoja tukaiweka seti nzima. Bamba la mbele na la nyuma, kila moja kilo tatu kasoro kidogo. Magazini nne zenye risasi 30 kila moja, kilo tatu na ushei. Ongeza mfuko wenyewe, maji lita moja na redio: kilo 12. Bunduki ikiwa na magazini ni kama kilo nne nyingine. Kijana wa kilo 62 alikuwa amesimama juani tangu saa moja asubuhi amevaa robo ya uzito wake.

Hapa niseme kidogo kuhusu fulana zenyewe, maana namba tatu aliniuliza swali zuri ambalo wengi huona haya kuuliza: je, akiacha mabamba na kubaki na fulana laini, si itamtosha? Haitamtosha kwa silaha anazoweza kukutana nazo. Kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wengi ni cha taasisi ya Marekani iitwayo NIJ. Daraja la IIIA, fulana laini ya nyuzi, limepimwa kwa bastola. Daraja la III ni bamba lililopimwa kwa risasi ya bunduki ya milimita 7.62 ya NATO. Daraja la IV limepimwa kwa risasi moja ya kutoboa chuma. Mwishoni mwa mwaka 2023 NIJ walibadilisha majina, wakaita HG kwa bastola na RF kwa bunduki, kwa hiyo lebo za zamani na mpya zitakutana stoo moja kwa miaka kadhaa. Risasi ya SMG hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 715 hivi kwa sekunde, na fulana laini haikutengenezwa kwa ajili yake. Bamba la seramiki nalo lina udhaifu wake: huvunjika likibamizwa. Asubuhi ile nilimwona mmoja akiitupa fulana yake chini kutoka kwenye gari kama gunia la mahindi. Ufa wa ndani hauonekani kwa nje. Na stoo ya bati isiyo na dirisha, kwa joto la Tabora, si mahali pa kuhifadhia nyuzi zinazotegemewa kuokoa maisha. Wamarekani walijifunza hilo kwa uchungu walipozikataa fulana za nyuzi za Zylon mwaka 2005, baada ya kubainika kwamba nyuzi hizo hudhoofika zikitumika kwenye unyevu na joto.

Turudi uwanjani. Dereva wao, Mungu ambariki, alikuwa amekaa juu ya boneti akirekodi kwa simu. Video ile tumeiangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara ilinivua dhana moja.

Dhana ya kwanza ilikuwa ndorobo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya namba saba, na nilipoona namba tano anajipiga shingoni nikasema moyoni, ameumwa. Fulana zao ni nyeusi, na mdudu huyo hupenda rangi nyeusi na buluu, ndiyo maana hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Lakini video inaonyesha ganda likipaa kutoka bunduki ya namba nne, linang'aa mara moja juani, linashuka moja kwa moja ndani ya kola ya namba tano.

SMG hutema maganda upande wa kulia, mbele kidogo, tena kwa nguvu. Wapigaji wakiwa kwenye mstari ulionyooka, maganda ya mmoja hupita mbele ya kifua cha mwenzake wa kulia na kuanguka chini. Kwa nini hili lilipanda juu na kumwangukia mtu shingoni?

Nilipomwangalia namba nne nikapata nusu ya jibu. Kitako chake hakikukaa begani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kulaumu urefu, kwamba unene wa fulana umemsukumia bunduki mbele na mikono haifiki. Nilipima, na nilikosea. Kitako cha SMG ni kifupi tangu mwanzo, na wanaoijua husema Warusi walikuwa wakiwaza askari mwenye koti la baridi. Sentimita chache za bamba hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mkanda wa bega wa fulana. Mahali pale pale ambapo kitako hukaa, mkanda ule una bakoli, yaani bizimu, ya plastiki iliyo laini kama sabuni. Risasi ya kwanza ilipotoka kitako kikateleza kuelekea shingoni. Namba nne, badala ya kushusha bunduki na kupanga upya, akaifuata kwa shavu lake na kuilaza bunduki kushoto ili aione shabaha. Bunduki ikilala kushoto, tundu la kutemea maganda linaangalia mbinguni.

Nusu ya pili ilikuwa miguuni. Tulichora mstari kwa chokaa asubuhi. Kufikia saa tano vijana walikuwa wameshalala na kuinuka juu yake mara kadhaa, wakaufuta kwa vifua. Namba tano amesogea mbele hatua nzima. Nilipomuuliza aliniambia hakujua. Nikavaa fulana yake nikatazama chini, nikaelewa: magazini nne kifuani zinaziba kila kitu kuanzia tumboni. Mguu wako mwenyewe huuoni mpaka uiname. Miaka yote niliyofundisha bila fulana nilizoea kusema "angalia mstari", na watu wakatazama na kujirekebisha. Hawa walikuwa wakitazama vifuko.

Sasa kola. Asubuhi saa moja nilikagua kila fulana. Ukingo wa juu wa bamba ulikuwa kwenye shimo la koo, pale unapotakiwa, maana bamba lipo kulinda moyo na mishipa mikubwa, na wengi hulishusha hadi likawa kibwebwe cha tumbo. Kamba za ubavuni zimekazwa vizuri. Saa nne tukapumzika tukanywa chai na michembe. Joto lilikuwa limepanda, jasho linachuruzika ndani ya fulana kama mtu amemwagiwa ndoo, na karibu wote wakalegeza kamba za ubavuni wapate hewa. Namlaumu nani? Hata mimi ningelegeza. Lakini baada ya chai sikukagua tena. Fulana iliyolegea huning'inia mabegani, mbele inaachana na kifua, na shingoni panafunguka mdomo kama wa mfuko wa shati. Namba tano alivaa ndani fulana ya mikono mifupi yenye shingo pana, bila kola ya kufunga, bila kitambaa.

Ganda likaingia. Na hapa fulana ikafanya kitu ambacho shati halifanyi. Kwenye shati ganda hushuka hadi kiunoni, linauma huku na kule, ukichomoa shati linadondoka. Chini ya bamba halina pa kwenda. Linabanwa kati ya ngozi na kilo tatu za seramiki, na kadiri unavyojikunja kulikimbia ndivyo unavyolikandamiza.

Zoezi lenyewe lilikuwa risasi mbili ukiwa umesimama, mita 50 kutoka shabaha, kisha goti, badilisha magazini, risasi mbili nyingine. Kanuni ni moja: kabla ya kubadili mkao, kidole nje, sefti juu. Wenye bunduki hii wanajua kwamba ile swichi iko kulia, ndefu, nzito, juu ni salama, katikati mfululizo, chini moja moja, na wengi huachia mshiko ili waipandishe. Namba tano alikuwa ameshapiga mbili, anashuka goti. Mshipi wa bunduki umenasa kwenye kifuko cha redio, anaukung'uta kwa kiwiko. Glavu mpya, nene, kidole hakihisi kama kimetoka kwenye kifyatulio au bado. Kilikuwa bado. Sefti ilikuwa chini. Hilo ni kosa lake na nimelitaja kwake bila kulipamba.

Lakini risasi haikutoka kwa sababu hiyo peke yake. Mwili una tabia ambayo kila anayefundisha silaha anapaswa kuijua: mkono mmoja ukikaza ghafla kwa nguvu zote, wa pili nao hukaza bila kuamriwa. Jaribu kung'oa gugu lenye mizizi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika yai bichi. Namba tano alikamata kola kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeng'oa kitu, kiwiliwili kikageuka kulia kukimbia maumivu, mtutu ukafuata kiwiliwili ukiwapitia chini chini namba sita na saba, na kidole cha kulia kikafanya kama mwenzake alivyofanya. Kilichomwokoa namba sita ni kwamba namba tano alikuwa tayari ameshaanza kupiga goti na bunduki inaangalia chini. Angekuwa amesimama, tungekuwa njiani kwenda hospitali ya Kitete, na sina hakika tungefika na mtu aliye hai.

Kiongozi wao alipoiona video mara ya tatu alikaa kimya, akavua kofia. "Kwa hiyo si woga."

"Afande, ungewekewa wewe kaa la moto kwenye mtulinga, ungeimba?"

Akacheka kidogo. Tukakubaliana siku ya pili hakuna risasi uwanjani. Sanduku la risasi likabaki limefungwa ghalani, ufunguo kwake. Kila bunduki ikakaguliwa na watu wawili, magazini tupu, chemba tupu, kidole kidogo kikaingizwa kuhakikisha.

Tulianza saa kumi na mbili kamili asubuhi ili jua la saa nne litukute tumemaliza. Sehemu ya kwanza ilichosha kuliko zote, nayo haikuwa na mbwembwe yoyote: kuvaa, kusimama, kulala, kuinuka. Mara kwa mara. Tukagundua kwamba ukilala kifudifudi na magazini nne kifuani unakuwa kama mtu aliyelalia mawe. Kifua kinapanda juu, shingo inakunjwa nyuma, helmeti inagonga ukingo wa fulana mgongoni na kuteremka machoni. Magazini mbili zikahamia kiunoni upande wa kushoto, mtu akaona tena miguu yake. Bakoli za mabega tukazivika vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ili kitako kisiteleze, kazi ya fundi baiskeli wa sokoni kwa nusu saa. Nimeona vikosi vyenye fedha wakinunua vitu vya namna hiyo kwa bei ya mbuzi. Mpira wa baiskeli unafanya kazi ile ile. Glavu ya mkono wa kulia tukaikata ncha ya kidole cha shahada.

Mkao nao ulibadilika. Hawa vijana walifundishwa zamani kusimama ubavu, bega la kushoto mbele, na bila fulana ni mkao mzuri tu. Ukiwa na bamba, ubavu ndio ulio wazi, kwapa halina kinga, na bamba lako linaangalia mti. Sasa kifua kinaelekea shabaha, magoti yamelegea, uzito mbele ya nyayo. Wawili waliona ni mkao wa mwanamieleka, wakabisha karibu asubuhi nzima. Sikuwalazimisha waupende.

Kisha barafu. Hili nililiwaza usiku na sikuwa na hakika kama litaonekana la kipuuzi. Nilimtuma kijana sokoni akanunua barafu za ukwaju, zile za kwenye vifuko vya nailoni, tukaziponda vipande vya ukubwa wa ganda. Wapigaji wako kwenye mstari, bunduki tupu, wanafanya zoezi lile lile la kusimama na goti. Mimi nikitembea nyuma yao, ghafla namtumbukizia mmoja kipande shingoni. Anachotakiwa kufanya ni kutofanya kitu: mtutu ubaki kwenye tuta, kidole kitoke, sefti ipande, bunduki iwekwe chini, arudi hatua moja nyuma, ndipo acheze ngoma anayoitaka.

Raundi ya kwanza walishindwa karibu wote. Mmoja aliruka na bunduki. Namba saba aligeuka kunitazama, mtutu ukanitazama pia, akajishtukia mwenyewe akanyamaza. Kulikuwa na kicheko kikubwa na fulana zilizonuka ukwaju, lakini walichokiona kilikuwa wazi: wanaume wanane, bunduki tupu, wametahadharishwa kwamba barafu inakuja, na bado mwili ulifanya ulichotaka. Baada ya hapo sikusikia tena neno mwoga. Tulirudia hadi ndoo ikaisha. Mwishoni mtu alikuwa anatoa mlio tu, mikono inafanya kazi yake.

Siku ya tatu tulirudi kwenye risasi. Nafasi kati ya mtu na mtu tuliipanua kutoka hatua mbili hadi nne, kamba ya katani ikawekwa badala ya chokaa, na kola zikafungwa hadi juu na kitambaa shingoni, joto au si joto. Fulana zinakaguliwa kila baada ya mapumziko na mpigaji wa kulia kwako. Risasi zilianza saa kumi na mbili na nusu na saa tatu tukafunga.

Shabaha zao bado hazikuwa kama walivyozoea bila fulana. Sikutegemea ziwe. Kwenye goti wengi walipiga chini, kwa sababu paja linasukuma bamba juu na pumzi inakatika. Hilo litahitaji wiki kadhaa.

Raundi ya nne, namba tano akiwa amesimama, ganda lilimwangukia tena. Safari hii liligonga kitambaa likateleza nyuma ya shingo, likachungulia ndani kidogo kabla ya kudondoka. Nilikuwa nyuma yake hatua tatu. Nilimwona anakunja uso kama aliyeuma limau, kidole kikatoka, sefti ikapanda kwa mlio ule wake, bunduki ikalala chini mtutu kwenye tuta. Akarudi hatua moja. Ndipo akaruka, akajikung'uta, akatukana kwa Kinyamwezi tusi ambalo sitaliandika hapa.

Fomu ya taarifa ya tukio ina kisanduku kimoja kilichoandikwa CHANZO, upana wake vidole viwili. Kiongozi alikuwa ameshaandika "uzembe wa askari" tangu siku ya kwanza. Alipiga mstari juu yake, akaandika "angalia karatasi iliyoambatanishwa", nami nikamwandikia karatasi tatu. Kwenye ya mwisho niliweka jina langu mahali pa mkaguzi ambaye hakukagua baada ya chai. Niliomba pia fulana tatu kubwa kupita kiasi zibadilishwe, pamoja na ile iliyotupwa chini. Mara ya mwisho nilipouliza zilikuwa bado stoo, zimepangwa chini ya magunia ya sare.